Jeraha la Kichwa Lisiloonekana: Somo kwa Wote Wanaoingia Gerezani

Msomaji, labda wewe ni muuguzi unayekwenda gerezani siku moja kwa juma. Labda wewe ni mlinzi wa gereza, au mchungaji anayetembelea wafungwa, au mama anayempelekea kijana wake chakula kila siku. Somo hili ni lako. Lisome polepole, kisha umsomee na mwenzako.

Tuseme ni asubuhi, na wafungwa wanaitwa wahesabiwe. Kapita anaamuru, "Kila mtu akunje mkeka wake, achukue kikombe chake, apite upande wa kushoto, akae chini katika mstari wa pili." Wote wanafanya. Mmoja amesimama katikati ya ua. Kikombe anacho mkononi, lakini mkeka hakuukunja, wala hakupita upande wo wote. Anaulizwa, "Wewe, husikii?" Anajibu kwa hasira, au anacheka mahali pasipo na cha kuchekesha. Anapigwa. Kesho yake mambo ni yale yale. Juma halijaisha, naye amekwisha kupewa jina la Kichwa Kigumu, na kila adhabu inamwangukia yeye kwanza.

Watu watasema mtu huyu ana kiburi. Pengine ni kweli. Watu wa kiburi wako, nje na ndani ya gereza. Lakini kuna swali moja ambalo lingepaswa kuulizwa kwanza, na kwa kawaida hakuna anayeliuliza: Je, mtu huyu alipata kuumia kichwani?

Ubongo ni kitu cha namna gani?

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi. Ni mwororo sana, unafanana na ugali laini kuliko nyama. Umewekwa ndani ya mfupa mgumu wa kichwa, na maji kidogo yanauzunguka. Ukipapasa kichwa chako kwa nje unaona mfupa ni sawasawa. Lakini kwa ndani, chini ya ubongo, upande wa mbele, mfupa huo una matuta makali.

Fanya jambo hili mbele ya wanafunzi wako. Tia yai bichi ndani ya kopo, tia na maji kidogo, funga kifuniko, halafu litikise kwa nguvu. Waonyeshe kopo: halina alama yo yote. Sasa fungua, waone yai.

Hivyo ndivyo inavyokuwa mtu anapoanguka kutoka juu ya pikipiki. Kichwa kinagonga njia na kusimama ghafula, lakini ubongo ungali unakwenda. Unagonga mfupa wa mbele, unarudi, unagonga mfupa wa nyuma. Tena, ndani ya ubongo mna nyuzi nyembamba kuliko nywele, nyingi mno, ambazo kazi yake ni kupeleka habari kutoka sehemu moja mpaka nyingine. Kichwa kikizungushwa kwa nguvu, nyuzi hizo huvutika, na nyingine hukatika. Damu haikutoka. Mfupa haukuvunjika. Picha ya radio haitakuonyesha kitu, kwa sababu radio huonyesha mifupa. Hata skaneri, mashine kubwa inayoonyesha damu iliyomwagika ndani ya kichwa, mara nyingi haizioni nyuzi zilizovutika.

Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ina kazi ya kupanga mambo na ya kumzuia mtu. Ni kama breki za gari. Mtu anatukanwa, hasira inapanda, lakini sehemu ile inamwambia, "Ngoja kwanza." Sehemu zilizo karibu na masikio zinasaidia sana kukumbuka. Sasa ona: ni sehemu hizo hizo zinazokaa juu ya yale matuta makali, na ndizo zinazoumia zaidi kichwa kinapogongwa. Basi mtu anapona kwa nje, anatembea, anakula, anaongea, lakini breki zimelegea na kumbukumbu inavuja.

Wanganga walianza kujifunza jambo hili zamani. Siku ya 13 Septemba 1848, katika jimbo la Vermont kule Marekani, kijana wa miaka 25 jina lake Phineas Gage alikuwa msimamizi wa watu waliopasua miamba ili reli ipite. Baruti ililipuka kabla ya wakati. Chuma chenye urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo 6 hivi kiliingia chini ya shavu lake la kushoto, kikatokea juu ya kichwa. Hakufa. Aliweza kusema na kutembea siku ile ile, na baada ya miezi michache alionekana amepona. Lakini munganga wake, John Harlow, aliandika kwamba tabia yake ilikuwa imegeuka. Zamani alikuwa mtu wa kutegemewa; sasa alikuwa mtu wa matusi, asiye na subira, anayepanga jambo na kuliacha kabla ya kulianza. Mabwana zake hawakumrudishia kazi yake.

Watu wengi wakieleza habari ya Gage huishia hapo, nasi twaona ni vibaya kuishia hapo. Baadaye alikwenda nchi ya Chile, akakaa huko miaka mingi, akiendesha magari ya farasi yaliyochukua abiria. Kazi ile ilikuwa na utaratibu wake: farasi wale wale, njia ile ile, saa ile ile. Aliiweza. Alikufa mwaka 1860. Ukumbuke hiyo habari ya utaratibu, kwa maana tutairudia.

Je, gerezani wako wangapi?

Mwaka 2010 wataalamu walikusanya pamoja uchunguzi mwingi uliofanywa katika magereza ya nchi mbalimbali, wakakuta kwamba wafungwa kama 60 kati ya 100 walipata kuumia kichwani wakati fulani wa maisha yao. Mwaka 2013 wengine walifanya hesabu ya namna hiyo kwa watu wazima walio nje, katika nchi zenye mali, wakakuta kama 12 kati ya 100. Usikosee hapa. Wengi katika hao 60 waliumia kidogo tu, wakapona kabisa. Tena haina maana kwamba kichwa kilichoumia humfanya mtu kuwa mwizi au mwuaji. Wako watu wengi sana walioumia kichwani ambao hawajamdhuru mtu hata siku moja. Labda wewe mwenyewe una jirani wa namna hiyo. Maana yake ni hii: ukisimama mbele ya wafungwa mia, hao walioumia unao mbele yako, hata kama huwajui.

Habari za wanawake ni nzito zaidi. Mwaka 2021 ulitolewa uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Glasgow, uliofanywa katika magereza ya Uskoti. Wanawake 109 waliulizwa. Wanawake 85 kati yao walikuwa wameumia vibaya kichwani. Karibu wawili katika kila watatu walipigwa kichwani mara nyingi, kwa miaka mingi, na sababu iliyotajwa kuliko zote ilikuwa mapigo ya mume au ya mwanamume waliyeishi naye. Kule Uingereza, katika gereza la wanawake la Drake Hall, waliulizwa wanawake 173, na 64 katika kila mia walieleza mambo yanayoonyesha jeraha la ubongo. Wengi hawakuwa wamefikiri kamwe kwamba ngumi za nyumbani zilihusu ubongo wao. Walidhani kusahau kwao ni ujinga wao.

Na huku kwetu vichwa vinaumizwaje? Wewe unajua kuliko sisi. Mtoto huanguka kutoka juu ya mwembe au mchikichi. Pikipiki hubeba watu watatu bila kofia ya chuma. Shimo la machimbo huporomoka. Bomu hulipuka karibu, na mtu hurushwa, lakini kwa kuwa hakutokwa damu anahesabiwa kuwa mzima. Kijana aliyechukuliwa na watu wa silaha hupigwa kwa kitako cha bunduki. Mwizi wa kuku hushikwa na kundi la watu, nao hawachagui mahali pa kupiga. Wengine hupigwa njiani wakipelekwa kasho, au ndani ya kasho yenyewe, na hapo jeraha linakuja baada ya kosa wala si kabla.

Tena kuna jeraha la ubongo lisilo na pigo. Mtoto aliyezaliwa kwa shida akakosa pumzi huweza kulipata. Vilevile mtoto aliyeugua malaria ya kichwani, ile ya kuzimia na kutetemeka mwili. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, wataalamu waliwafuata watoto waliopona malaria hiyo. Habari zao zilitolewa mwaka 2008. Baada ya miaka miwili, karibu mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika kufikiri, kukumbuka au kuangalia jambo moja kwa muda. Mtoto wa namna hiyo shuleni huitwa mvivu. Anaacha shule. Huijui njia anayoweza kuishika baada ya hapo?

Jeraha hili linajifichaje?

Linajificha kwa sababu dalili zake zote zina majina mengine, na majina hayo ni ya lawama. Anasahau saa ya kunywa dawa: tunasema ni mzembe. Haelewi maneno mengi yakisemwa pamoja: tunasema ni mkaidi. Anajibu polepole: tunasema anatafuta uongo wa kusema. Hukumu hii inamwangusha hata mbele ya hakimu, kwa maana leo anasema jambo lilitokea Jumanne, kesho anasema Ijumaa. Anakasirika ghafula, kisha baada ya saa moja anashangaa kwa nini umenuna: tunasema ana roho mbaya. Anaumwa kichwa kila siku, hawezi kuvumilia kelele wala mwanga mkali: tunasema anajifanya mgonjwa ili akwepe kazi. Amekaa kama gogo, hana hamu ya kitu cho chote, haogi mpaka aambiwe: tunasema ni mchafu.

Hatusemi kila mzembe ana jeraha. Dalili hizi huletwa pia na njaa, na huzuni, na kukosa usingizi, na pombe, na magonjwa ya damu na ya malaria, na gerezani vyote hivyo viko. Lakini ukiona dalili tatu au nne kwa mtu mmoja, uulize.

Namna ya kuuliza

Usimwulize, "Je, una jeraha la ubongo?" Atasema hapana, na atakuogopa, maana atafikiri unamwita kichaa. Mkalishe pembeni, mahali wengine hawasikii, ukasema naye kwa upole kama unavyosema na ndugu. Mzee mwite baba, mama mwite mama, hata kama amevaa nguo za gereza.

Anza na utoto wake. Je, alipata kuanguka kutoka mahali pa juu? Je, alilazwa hospitalini kwa ugonjwa wa kuzimia? Kisha uje karibu. Alipata ajali ya gari au ya pikipiki? Alipigana, akapigwa kichwani? Bomu lililipuka karibu naye? Mtu wa nyumbani alikuwa akimpiga, au kumkaba shingo? Swali la kukaba shingo usiliache, hasa kwa wanawake, kwa sababu ubongo ukikosa hewa huumia hata kama kichwa hakikuguswa.

Kila akijibu ndiyo, mwulize: Ulizimia? Kwa muda gani? Kuna saa ambazo huzikumbuki mpaka leo? Ilikuwa mara ngapi? Mara nyingi ni neno kubwa. Mwaka 1928 munganga wa Marekani, Harrison Martland, aliandika habari za wapiga ngumi wa mchezo ambao baada ya miaka ya mapigo walitembea na kusema kama walevi, ingawa hawakunywa. Pigo moja dogo hupona. Pigo juu ya pigo ni jambo lingine. Mwisho uliza: Watu wako walisema umegeuka tabia tangu siku ile? Mama wa mfungwa, akija na chakula, atalijibu swali hili vizuri kuliko yeye mwenyewe.

Neno moja la hekima. Ikiwa alipigwa na askari au na wafungwa wenzake, andika pigo, mahali pake na siku yake. Jina la aliyepiga usiliandike katika karatasi itakayolala gerezani, usije ukamletea mapigo mengine. Jina hilo apewe avoka wake.

Utafanya nini sasa?

Nyuzi zilizokatika hatuna dawa ya kuziunga. Kwa hiyo wengine wataona hakuna faida kujua. Faida iko, tena kubwa, kwa kuwa wanaobadilika kwanza ni sisi tulio karibu naye.

Rudi kwa yule mtu aliyesimama katikati ya ua. Kapita alimpa amri nne kwa pumzi moja. Mpe moja. "Kunja mkeka." Ngoja aukunje. Kisha, "Chukua kikombe." Mwite kwa jina kabla ya kusema, umtazame usoni. Mwambie arudie ulilosema, si kwa kumdhihaki bali upate kujua kama limeingia. Mpe mahali pamoja pa kulala, kazi moja, saa moja kila siku, kama farasi wa Gage. Mfungwa mwenzake mwenye moyo mwema awe mkumbushaji wake. Akianza kupandwa na hasira, usimjibu kwa sauti kubwa, wala usimzunguke na watu wengi. Mpeleke kando penye ukimya, umwache dakika kumi. Kumwadhibu kesho kwa kosa la leo hakumfundishi kitu, ikiwa la leo amelisahau.

Tunajua gereza si mahali pa ukimya. Gereza la Makala, Kinshasa, lilijengwa kwa watu 1,500, na mwaka 2024 lilikuwa na watu zaidi ya 10,000. Magereza yetu mengine nayo yamejaa, na wengi waliomo wangali wanangojea hukumu. Hata hivyo, kumtoa mtu karibu na mlango unaogongwa usiku kucha na kumweka penye ukuta si jambo la fedha. Mlinzi aweza kulifanya leo.

Kifafa kisisahauliwe. Chaweza kuanza miezi au hata miaka baada ya pigo. Si pepo, wala hakiambukizi kwa mate. Mtu akipewa dawa yake, kama fenobarbitali, isikatwe ghafula. Kuikata kwaweza kuleta kifafa kikali kisichokoma, na mtu akafa. Basi mtu mwenye dawa akihamishwa kutoka kasho kwenda gereza, dawa iende naye siku ile ile. Pombe kali kama lotoko ni adui wa ubongo ulioumia: anakunywa kidogo na kulewa sana, na kifafa kinakuja upesi.

Akipigwa leo

Mtu aliyepigwa kichwani leo aangaliwe mchana na usiku. Aweza kulala, lakini mwamshe mara kwa mara, uone kama anakujua na kujibu. Usimpe aspirini, maana huzidisha kutoka damu, parasetamoli yafaa. Mpeleke hospitalini mara moja, hata usiku, ukiona kichwa kinazidi kuuma, au anatapika tena na tena, au haamki vizuri, au anasema maneno yasiyoeleweka, au mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, au mkono na mguu wa upande mmoja umelegea, au anatetemeka kama mwenye kifafa, au maji meupe au damu inatoka puani au sikioni. Usingoje ruhusa ya kesho. Damu inayokusanyika ndani ya kichwa haina nafasi ya kukaa, inausukuma ubongo.

Pengine damu hiyo hukusanyika polepole. Mzee, au mtu aliyezoea pombe, agonga kichwa kidogo, na baada ya majuma matatu anaanza kuchanganyikiwa na kuburuta mguu. Watu wamekwisha kusahau lile pigo. Wewe ulikumbuke, kwa sababu ugonjwa huu hutibiwa kwa upasuaji, na wengi hupona vizuri.

Siku ya kutoka

Kabla ya mahakama, ukiwa muuguzi, andika karatasi: aliumia lini, alizimia kwa muda gani, umeona dalili gani. Usiandike kwamba hana hatia. Hiyo si kazi yako. Avoka ataichukua, na hakimu atapata kujua kwa nini mtu huyu anachanganya siku.

Akifunguliwa, ataambiwa mambo mengi mlangoni: aripoti parke siku fulani, asiende mahali fulani, aje hospitalini kuchukua dawa. Anaitikia yote, na akifika njia panda amekwisha kusahau. Hapo ndipo wengi hurudi gerezani, kwa siku iliyosahauliwa. Andika mambo hayo kwa herufi kubwa, moja kwa kila mstari, bila maneno ya Kifaransa ikiwa hakisomi. Nakili karatasi mara mbili. Moja mpe mama yake, au mke wake, au jamaa ye yote aliyekuja kumpokea, na ya pili ibaki katika dispensari iliyo karibu na kwao, kwa maana ile utakayompa yeye ataipoteza.